Taa Juu ya Sindano

Gereji walimwita Fyuzi, na si kwa sababu tu alikuwa fundi umeme wa magari. Mwanamke yule alikuwa na hasira za karibu. Mletee gari ambalo waya zake zimechezewa na mtu asiyejua, analipuka hapo hapo, dakika tatu za moto, halafu kimya, halafu anakutengenezea vizuri kuliko ulivyoomba. Miaka kumi na tisa alifanya kazi chini ya bati lile, na watu walivumilia mdomo wake kwa ajili ya mikono yake.

Kitu kilichomlipua kuliko vyote kilikuwa rangi chini ya skrubu. Kwa wasiojua, gari halina haja ya waya mbili kwa kila taa. Waya mmoja unapeleka umeme, na bodi lenyewe la chuma linaurudisha kwenye betri. Kwa hiyo pale taa inapofungwa kwenye bodi lazima ukwangue rangi mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze skrubu. Usipokwangua, umeme hauna njia ya kurudi, na wewe utashinda kutwa ukibadilisha balbu isiyo na kosa. "Kwangua!" Fyuzi alikuwa akiwapigia kelele wenzake. "Mmezaliwa leo? Kwangua kwanza!" Mpiga rangi wa gereji, waliyemwita Brashi, alikuwa akimwigiza hadi watu wanashika mbavu. Liwekeni hilo kichwani, maana litarudi, na likirudi halitachekesha.

Sasa, huyu Fyuzi alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, tangu akiwa na miaka minne. Shangazi alikuwa fundi cherehani. Sare za shule, daftari, viatu vya kwanza vya kazi, vyote vilitoka chini ya sindano ile. Kwenye cherehani kulikuwa na kitaa kidogo kinachomulika mahali pa kushona, na chini ya kitaa hicho Fyuzi alijifunza kusoma, kichwa chake karibu kabisa na kiwiko cha shangazi. Siku kitaa kilipokufa, shangazi hakuita fundi. Alimpa mtoto wa miaka kumi na moja bisibisi, akamwambia, "Fungua wewe. Una macho kuliko mimi." Maisha yake yote ya ufundi yalianzia pale.

Miaka ikaenda. Jicho la kushoto la shangazi likafa zamani kwa presha ya macho. La kulia likaingia mtoto wa jicho, taratibu, mpaka mwanamke aliyeshona nguo miaka arobaini akawa hawezi kutunga uzi. Wakampeleka hospitali, akapasuliwa, na kesho yake bandeji ilipotolewa alimtazama Fyuzi kwa muda mrefu, akasema, "Heee! Kumbe umezeeka hivyo?" Wodi nzima ilicheka. Fyuzi alitoka nje akaegemea ukuta na kulia kwa furaha, bila aibu.

Muuguzi alimfuata hapo hapo ukutani. "Sikiliza, dada. Jicho lake ni la wasiwasi, na ni hilo moja tu alilobaki nalo. Akianza kuona vimulimuli, au giza linaingia kutoka pembeni kama pazia, asingoje kesho. Mlete siku hiyo hiyo. Pazia likifunga mpaka katikati, hatuna la kufanya. Na yeye nimemwambia." Fyuzi akaitikia, akayashika maneno yale. Kila alipopiga simu aliuliza, "Shangazi, hakuna pazia?" na shangazi alijibu, "Pazia liko dirishani, tena linataka kufuliwa."

Zawadi ilianza kwa mchezo tu. Mapumziko ya mchana, badala ya kupiga soga, Fyuzi alichukua kopo la maziwa ya unga, akalikata kwa mkasi wa bati, akalikunja mpaka likawa mwanamke aliyeketi. Kitambaa kichwani, mgongo umeinama kidogo, mikono miwili mbele. Cherehani aliitengeneza kwa kipande cha bomba la breki na bati, na sindano ilikuwa sindano ya kweli. Juu ya sindano akapachika taa moja ya LED, ndogo kama punje ya mchele, yenye mwanga wa manjano. Ndani ya kibao cha chini akachimba kishimo cha betri ya mraba, akaweka rezista ili taa isiungue, na swichi ya kubofya iliyotoka kwenye gari bovu, inayolia "ta!" kila ukiigusa. Waya akapitisha mmoja tu. Wa pili wa nini? Mwanamke wa bati ndiye bodi, yeye ndiye aliyerudisha umeme. Akaiwasha juu ya meza ya kazi, na mafundi waliokuwa wakimcheka kwamba anacheza na midoli wakanyamaza.

"Huyu hawezi kwenda uchi," Brashi akasema. "Nipe nimvishe rangi." Wakaifungua vipande, Brashi akapuliza rangi ya buluu iliyobaki kwenye gari la watu, mkono wa kwanza, mkono wa pili, kila upande na kila tundu. Jumamosi jioni ilikuwa bado mbichi. Jumapili Fyuzi alipitia gereji mbio mbio, akaiunganisha akiwa amesimama, akakaza skrubu, akaifunga kwenye khanga na kuondoka. Hakuiwasha kuijaribu. Fundi wa miaka kumi na tisa!

Njiani alikuwa na raha, lakini kulikuwa na kitu kinachomkereketa rohoni. Wiki ile shangazi alimwambia asije katikati ya siku za kazi, angoje Jumapili. Halafu ile ovaroli. Fyuzi alikuwa ameacha kwake ovaroli ya kaki ili ashonewe mfuko uliochanika, na Ijumaa ilimfikia imeshonwa kwa uzi wa buluu, mshono umepinda kama njia ya mlevi. Gereji walimcheka, naye akacheka. Akasema shangazi anajikumbushia mkono.

Mlango ulifunguliwa na binamu, mtoto wa pekee wa shangazi, mwalimu wa hesabu, mtu wa kusema mambo mara tatu kana kwamba kila mtu ni darasa. "Karibu, karibu! Mama leo mzima kabisa. Mzima! Jana alihesabu sisimizi ukutani. Sisimizi!" Akaingia jikoni kuandaa chai. Fyuzi akavua viatu mlangoni, akaingia sebuleni.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa vizuri, mikono mapajani. "Fyuzi wangu," akasema kabla hajasemeshwa. "Njoo nikuone." Fyuzi akamwinamia, akashikwa uso kwa viganja viwili. Akaweka stuli mbele yake, juu ya stuli akaiweka sanamu, akaifunua.

Vidole vya shangazi vikaenda vyenyewe. Vikapita kichwani, mgongoni, kwenye gurudumu dogo la cherehani. "Mtume! Huyu si mimi? Mpaka kilemba! Na mgongo wangu huu mbovu umeuweka, huna adabu wewe."

"Bado, shangazi. Tazama sasa."

Akabofya. Ta!

Taa haikuwaka.

Fyuzi alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Wiki tatu za kazi, halafu aibu hii! Akafungua mdomo aseme ngoja kidogo, na kabla neno halijatoka, shangazi akapiga makofi.

"Loo! Tazama mwanga huo! Umetulia kama wa cherehani yangu ya zamani."

Binamu akaingia na sinia la vikombe. Sanamu ilikuwa imempa mgongo, hakuona kitu zaidi ya tabasamu la mama yake. "Si nilikwambia? Anaona kila kitu. Kila kitu!"

Ananifichia aibu, Fyuzi akajiambia. Shangazi ni mtu wa hivyo. Lakini hakuridhika. Akabofya tena. Ta! "Na sasa je?"

"Umeizima. Mbona unaizima? Iache nifaidi."

Hapakuwa na utani kwenye sauti ile. Mdomo ulikuwa unacheka, lakini jicho lilitazama mahali ambapo mkono wa Fyuzi ulikuwa dakika nzima iliyopita. Uzi wa buluu ukamjia, na mshono uliopinda, na "ngoja Jumapili".

"Ngoja niikaze, imelegea," akasema. Akaigeuza sanamu. Chini ya skrubu kulikuwa na rangi ya buluu, nyororo, nzuri, mikono miwili ya Brashi. Kwangua! Ni yeye aliyekuwa akiwatukana watu kwa hilo. Akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akalegeza, akakwangua mpaka bati likang'aa, akakaza. Kisha akaibana swichi kwa kidole gumba na kuisukuma polepole sana, kwa kuilazimisha, isitoe sauti.

Taa ikawaka. Mwanga wa manjano ukamwangukia kiganjani.

Kwa miguu yake mitupu Fyuzi akazunguka kiti. Akaishika sanamu karibu na shavu la kulia la shangazi, upande wa jicho lile moja, karibu kiasi kwamba mwanga uliziweka wazi nywele nyeupe za kipajini. Akangoja.

Shangazi aliendelea kuitazama stuli tupu. "Umemaliza?" akaiuliza stuli. "Iwashe basi, mwanangu."

Vikombe vikagongana kwenye sinia. Binamu alikuwa ameona.

"Imewaka, shangazi," Fyuzi akasema, akiwa nyuma ya bega lake. "Imewaka muda mrefu."

Shangazi akashtuka, akageuza shingo kuelekea sauti. Tabasamu likabaki usoni kidogo, halina kazi tena, halafu likaondoka.

"Tangu lini?" Fyuzi akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Shangazi!"

Binamu alikuwa bado amesimama na sinia lake.

"Jumatano," shangazi akasema. "Asubuhi. Kwanza vimulimuli. Halafu likaanza kutoka upande huu wa juu." Akapitisha kiganja mbele ya uso, kutoka juu kwenda chini, kisha akakisimamisha karibu na pua. "Limebakiza hapa chini tu."

Hapo Fyuzi akalipuka. "Jumatano! Leo Jumapili! Umekaa na pazia jichoni siku tano, mimi nakuuliza kwenye simu unanifanyia mzaha wa kufua! Muuguzi alisema nini? Alisema siku hiyo hiyo! Unataka nini wewe, unataka nini?" Alilia huku akifoka, kamasi na machozi pamoja, na mwanga wa sanamu mkononi mwake ukacheza ukutani.

"Mama," binamu akasema kwa sauti ndogo, mara moja tu, "lakini ulihesabu sisimizi."

"Uliniuliza kama nawaona wale sisimizi watano. Nami nikasema wako watano. Mwalimu gani anauliza swali na jibu ndani yake?" Halafu akageuka, na ukali ukamwisha sautini. "Sirudi kwenye kile kitanda cha kupasuliwa. Msinipeleke. Ninyi mlikuwa nje. Mimi nilikuwa macho, wamenitia ganzi jichoni tu, nikamsikia daktari akisema, nipe mkasi. Nimeshika mkasi miaka arobaini. Najua mkasi unafanya nini. Bora giza."

Binamu akaweka sinia chini. "Basi tungoje kesho, tumpigie daktari, tumuulize vizuri..."

"Hakuna kesho!" Fyuzi akamkata maneno. Binamu alitaka kukasirika, lakini macho yake yakaenda kwa mama yake.

Fyuzi akapiga magoti mbele ya kiti. Dakika tatu zake za moto zilikuwa zimekwisha, na kilichobaki kilikuwa woga mtupu. Akaishusha sanamu mpaka mapajani mwa shangazi, chini kabisa, pale ambapo kiganja kilikuwa kimeonyesha. "Hapa je? Unaona kitu?"

Shangazi akainua kidevu, akatafuta. "Kitu cha manjano," akasema. "Kidogo."

"Hicho ndicho ulichobakiwa nacho. Ukilala nacho, hukikuti." Akaushika mkono wake. "Shangazi, siku kitaa cha cherehani kilipokufa, mimi nikaogopa kukifungua. Ulisema nini?"

"Nilisema chomoa waya ukutani kwanza, usije ukafa nikapata kesi."

Hata wakati ule kicheko kiliwatoka, kifupi na kibaya. "Na baada ya hapo?"

Kidole cha shangazi kilipapasa mgongo wa mwanamke wa bati. "Nilisema nitakushika mkono mpaka umalize," akasema. "Naogopa, mwanangu. Naogopa sana."

"Na mimi naogopa. Lakini nitaushika mkono wako mpaka mlangoni, na wakinifukuza mlangoni nitakaa hapo hapo."

Binamu akaenda mwenyewe kuleta viatu vya mama yake.

Hospitali, daktari wa zamu alimulika jicho kwa muda uliowachosha wote. Kisha akasema katikati bado hapajafikiwa, lakini pamebaki padogo kama ukucha. "Leo," akasema. "Kesho nisingewapokea kwa matumaini. Na hata leo siwaahidi kitu." Shangazi akauminya mkono wa Fyuzi hadi mifupa ikauma, na mlango ulipofungwa Fyuzi akakaa sakafuni mbele yake, sanamu mapajani. Hakusogea, mpaka mfagiaji akaamua kufagia kwa kumzunguka.

Operesheni ikapita. Ikafuata adhabu nyingine: kulala kifudifudi ili jicho lipone, uso kwenye mto, kula hivyo, kuzungumza hivyo, siku baada ya siku. Daktari alisema wiki sita ndipo watajua. Na katika wiki zile sita kulikuwa na jambo lililomkera Fyuzi kuliko kungoja. Kila alipouliza, shangazi alisema, "Naona, naona vizuri." Maneno yale yale. Sauti ile ile. Fyuzi alimpenda mwanamke yule kuliko mtu yeyote duniani, na hakumwamini. Binamu naye aliacha kabisa kuuliza maswali.

Wiki ya sita ilipotimia, Fyuzi aliomba ruhusa mchana, akaenda moja kwa moja na ovaroli yake ya kaki mwilini na sanamu mkononi. Nje ya mlango akaifungua sanamu chini, akachomoa betri, akaitia mfukoni. Si jambo zuri kumtega mzazi, na alijua. Akavua viatu, akaingia.

Shangazi alikuwa kwenye kiti chake. Binamu alikuwa amesimama karibu na dirisha, na Fyuzi akaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Akaiweka sanamu juu ya stuli, akaielekeza kwake, kibao kimeinama kidogo.

Ta!

"Shangazi. Taa unaionaje?"

Shangazi akainama mbele kidogo. Akainama zaidi.

"Taa siioni," akasema.

Binamu akageukia dirisha.

"Taa siioni," shangazi akarudia, na sasa alikuwa amekunja uso. "Namwona mwanamke wa bati. Shingo umempa ndefu mno, mimi sina shingo hiyo. Naona kidole chako gumba, kina grisi kwenye ukucha, na umekuja nyumbani kwa watu. Kibao umekiinamisha, naona na kishimo cha betri, kitupu. Taa nitaionaje, nawe umetembea na betri mfukoni? Imekaa hapo kama jipu. Fundi gani wewe?"

Fyuzi aliitoa betri, akajaribu kuirudisha mahali pake, ikamponyoka. Shangazi akainama, akaiokota mwenyewe kutoka sakafuni kwa mara ya kwanza bila kupapasa, akaitia kwenye kishimo, akabofya. Mwanga wa manjano ukaangukia sindano.

Lakini yeye hakuwa akiitazama taa. Alikuwa akiutazama mfuko wa ovaroli, kwa jicho kali la fundi, huku uso ukimkunjamana zaidi na zaidi.

"Na huo uzi wa buluu kwenye nguo ya kaki! Nani kakushonea uchafu huo?"

"Wewe, shangazi," Fyuzi akasema, machozi yakimtiririka. "Ni wewe."

Shangazi aliuangalia mshono ule uliopinda kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

"Vua," akasema. "Nikushonee upya."